Uso Uliocheka Matangani

Hebu nikuulize wewe kwanza: umewahi kuona mtu akishtakiwa kwa kutafuna nyama? Mimi nimeona. Mshtakiwa alikuwa mjukuu wangu Gentrix, na aliyemshtaki ni mama wa kijana aliyetaka kumwoa, mbele ya watu kama sitini, siku ya tatu baada ya mumewe, Mzee Were, kuzikwa.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka wa tisini na nane. Jumatatu asubuhi nilikuwa naanua mahindi kwenye turubai, nikaona baiskeli ya kukodi inaingia kwetu Mayoni, na aliyebebwa nyuma ni Osiako, mdogo wake marehemu. Ametoka kwao Kabras kabla jua halijachomoza. Nikamletea kiti. Hakukaa. Nikamwambia chai iko jikoni. Akasema ameshakunywa, na nilijua hajanywa.

"Mama," akaniambia, "kesho tunanyoa. Shemeji yangu, Mama Awinja, anasema mje na msichana wenu. Ana neno."

"Neno gani?"

"La kusemwa mbele ya watu."

Gentrix alikuwa kizingitini anapinda ukosi wa shati la shule, pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mkono wa blauzi yake.

"Chrispinus amesemaje, baba?" akauliza habari za mchumba wake.

Osiako akaangalia gurudumu la baiskeli. "Chrispinus hasemi kitu. Tangu Jumamosi hasemi kitu."

Kwetu siku ya kunyoa si ya nywele peke yake. Ndiyo siku ambayo mwenye neno lolote juu ya marehemu na nyumba yake hulitoa hadharani, na wazee wakalimaliza hapo hapo. Mtu akikuita siku hiyo, hakuiti kunywa uji.

Lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila hapo utamhukumu mjukuu wangu kama walivyomhukumu wale.

Gentrix nilimlea mimi. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja sikio la kushoto lilianza kutoa usaha. Tukatia mafuta ya moto, tukatia majani, tukatia kila kitu ila akili. Uvimbe ukatokea nyuma ya sikio, na homa ikamshika siku nane. Hospitali waliupasua, wakamwokoa, lakini daktari akasema usaha ulikuwa umeshakula mshipa unaoamrisha uso. Siku ya tisa aliamka na upande wa kushoto umelala. Jicho halifungi. Chai ikiingia mdomoni inatokea pembeni. Usiku nilikuwa namfunga kitambaa juu ya lile jicho ili lisikauke. Shuleni wakamwita Mdomo Upande, na majirani wakasema mtu amemroga, na kila mmoja alikuwa na jina la huyo mtu. Mtoto akajifunza kucheka ameziba mdomo kwa kiganja. Baadaye akajifunza kutocheka kabisa.

Akakua hivyo hadi miaka ishirini. Ndipo tukasikia kanisani kwamba hospitali moja ya misheni imepata madaktari wageni wa kushona nyuso, na watakaa wiki mbili tu. Tukaenda. Daktari wetu alikuwa mfupi, mikono midogo kama ya msichana wa darasa la tano. Alichukua vidole vyangu mimi, mzee, akaviweka hapa kwenye panja, juu ya sikio. Akamwambia mtawa anitafsirie: "Uma meno." Nikauma. "Unasikia kitu kinaruka chini ya vidole?" Nikasikia. Akasema huo ni msuli wa kutafunia, na hauamrishwi na ule mshipa uliokufa. Atauchukua wa Gentrix, aushushe hadi pembeni mwa mdomo, aushone hapo. Akitaka kutabasamu, aume meno, na mdomo utavutwa juu.

Walimpasua kwa muda wa saa tano. Alitoka uso umevimba kama maandazi yaliyozidi hamira, na mshono wa nyuzi nyeusi ukianzia mbele ya sikio ukapanda ndani ya nywele. Wiki sita uso ulikaa vile vile, na mimi nikaanza kuomboleza kimya kimya. Halafu siku moja anakula githeri ya mahindi na maharagwe, nikaona shavu la kushoto linanyanyuka. Nikadondosha mwiko. "Gentrix, uma tena!" Akauma. Likanyanyuka. Tulilia sote wawili, na githeri iliyobaki jikoni ikaungua.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Kila asubuhi anakaa mbele ya kioo, mimi nyuma yake. Uma. Achia. Uma kidogo, usikenue. Achia. Ilimchukua mwaka mzima kujua aume kiasi gani ili upande wa kushoto usizidi wala kupungukiwa na wa kulia. Taya lilikuwa linamuuma hadi jioni anakunywa uji tu. Na daktari alikuwa ametuambia kabla hatujaondoka: tabasamu litazoea, huenda siku moja likaja bila kuuma, lakini akila, shavu litakuwa linapanda kila mara, apende asipende. "Mwambieni mume atakayemwoa," alisema, "asije akashangaa." Mimi nilicheka sana.

Mwisho wa tisini na saba alikuwa ameshapata kazi ya kushona sare za shule sokoni Kakamega mjini. Mkabala na cherehani yake palikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli. Mwenyewe ni Chrispinus. Kijana mrefu, grisi hadi kwenye viwiko, na anapoongea na wewe anaacha spana chini kwanza. Alimwambia Gentrix, "Wewe kicheko chako kinapiganga hodi kabla ya kuingia. Mimi nakingojanga hapo mlangoni." Gentrix akarudi nyumbani hajui aketi wapi.

"Kukhu, nimwambie," akaniomba; kukhu kwetu ni bibi.

Nikamwambia nini mimi? Nikamwambia, "Nyamaza. Kabras hawakujui. Ngoja ng'ombe wa mahari wafike, ndipo utasema." Aliniomba mara tatu katika miezi minane. Mara tatu nilikataa. Nilikuwa nimeona wachumba wawili wakimtoroka alipokuwa Mdomo Upande, na sikutaka kuona wa tatu.

Ndipo Mzee Were akafa. Akaanguka ghafla shambani akipalilia miwa. Tukaenda kumzika kama watu wanaotarajia kuwa wakwe, tukabeba unga debe moja na kuku wawili. Baada ya maziko tukapewa chakula, obusuma, ugali wetu, na nyama ya fahali aliyechinjiwa mzee. Fahali mwenyewe alikuwa amezeeka na nyama ilikuwa kama mshipi. Kadiri nyama inavyokuwa ngumu ndivyo mtu anavyouma kwa nguvu. Kila alipowatembelea Gentrix alikuwa akila vitu laini, upande wa kushoto ameuelekeza ukutani, lakini nyama hii haikufichika. Nami nilikuwa nimegeukia upande mwingine, naongea na mama mmoja wa kwaya kuhusu magoti yake.

Basi Jumanne tukafika kwa Mama Awinja saa tatu asubuhi. Viti vilikuwa vimepangwa nusu duara chini ya turubai. Hatukupewa viti vyetu vya Jumamosi, tulioneshwa benchi lililokuwa juani. Awinja, binti mkubwa wa marehemu, alikuwa na wembe na karai la maji ya sabuni, ananyoa jamaa mmoja baada ya mwingine. Mama yake alikuwa amenyolewa tayari, kichwa kitupu, ameketi juu ya mkeka miguu imenyooshwa. Chrispinus alikuwa nyuma ya wajomba zake, bado ana nywele, zamu yake haijafika. Gentrix alimtafuta kwa macho. Chrispinus akaangalia karai.

Wazee walipomaliza mambo ya shamba, Osiako akasema, "Mama Awinja, ulikuwa na neno."

"Mimi sina maneno mengi," akasema Mama Awinja, na hapo nikajua yatakuwa mengi. "Jumamosi nilikuwa pale mlangoni. Udongo wa mume wangu bado mbichi. Nikainua macho, nikamwona huyu. Ana sahani mapajani. Anakula ng'ombe ya mume wangu na anacheka. Si ati anaongea na mtu. Peke yake! Anatafuna, anacheka. Anatafuna, anacheka."

"Woi!" wanawake wakaguna.

"Nikasema, labda ni macho yangu, yamelia sana. Nikamwita Awinja. Awinja, uliona nini?"

Awinja akafuta wembe kwa kidole gumba. "Niliona anacheka, mama. Tena kwa upande mmoja. Kale ka kicheko ka dharau, ka mtu amesikia harufu mbaya."

Osiako akamgeukia Gentrix. "Msichana, ulicheka?"

"Hapana, baba."

"Kwa hivyo mama yangu ni mwongo?" akasema Awinja.

"Sijasema hivyo, dada."

"Usiniite dada! Mimi na wewe tulinyonya wapi?"

Watu wakacheka, kicheko kile kibaya cha watu waliokaa muda mrefu njaa inawauma. Gentrix akainamisha kichwa, na nikaona anainamisha upande wa kushoto kama alivyokuwa akifanya zamani, uso uingie kwenye bega. Alikuwa ameacha hiyo tabia miaka miwili.

Mama Awinja hakuwa amemaliza. Akashusha sauti.

"Mume wangu alikuwa mzima. Asubuhi alikunywa uji vikombe viwili, akanitania kwamba nimeweka sukari ya kiwanda kizima. Saa nne akarudi amebebwa. Mtu hachekangi kwa kaburi bure. Anayecheka anajua kitu. Mimi nataka huyu msichana aniambie anajua nini."

Kila mtu alielewa: anasema uchawi. Neno la namna hiyo likitua juu ya msichana, hatalitoa kwa sabuni wala kwa maombi. Ataolewa na nani? Ataishi wapi? Mimi nilikuwa nimeona nyumba ya mtu ikichomwa kwa neno dogo kuliko hilo.

"Mama Awinja," nikaanza.

"Kukhu, wewe ngoja. Sikukuita wewe."

Gentrix alikuwa amesimama. Lakini hakumtazama Mama Awinja, wala Osiako. "Chrispinus," akasema. "Niulize wewe."

Chrispinus akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, midomo imekauka. Alipoongea alikuwa kama mtu anayesukuma mlango mzito.

"Nitakuuliza nini? Mimi pia nilikuona."

Nakwambia, nimewahi kumwona mtoto huyu akidungwa sindano shavuni, na hakukunja uso vile. Maana upande wa kulia, ule mzima, ulikunjamana wote. Upande wa kushoto ukabaki umetulia. Awinja akaona. "Oneni! Nusu analia, nusu hajali!"

Gentrix akanigeukia. "Kukhu, sema. Ama niseme mimi."

Basi nikasema. Nikasimama na fimbo yangu nikasema yote, sikio, usaha, kitambaa cha jicho, hospitali ya misheni, msuli wa kutafunia. Nilieleza hadi rangi ya nyuzi. Nilipofika mahali pa kuuma meno, Awinja akaangua kicheko.

"Ati daktari anashonanga kicheko? Na kulia kunashonwa wapi? Kwa fundi wa viatu?"

"Mzee mzima kudanganya mbele ya kaburi," akasema mjomba mmoja.

Gentrix akafungua kitambaa cha kichwa. Alikuwa amesuka nywele zikafunika mshono, kama alivyofanya siku zote. Akaingiza kidole, akafumua msuko mmoja, wa pili, wa tatu, akagawanya nywele pale juu ya sikio, akamwendea Osiako na kumwinamia kama anayeombewa. Osiako akavaa miwani. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Kuna kovu," akasema. "Limetoka sikioni limepanda hadi huku."

"Kovu hata mimi ninalo," akasema Awinja. Akaingia jikoni, akarudi na sahani: obusuma baridi ya jana na pande la nyama iliyobaki kwa mifupa. Akaitupa karibu na miguu ya Gentrix, mchuzi ukaruka. "Haya. Kula tuone hicho kiroja chenu."

"Awinja," akasema Osiako.

"Wacha ale! Si amesema ni kutafuna?"

Gentrix akaketi chini, pale pale kwenye vumbi. Akachukua nyama akatia mdomoni, na machozi yalikuwa yameshaanza. Akatafuna. Shavu la kushoto likapanda, pembe ya mdomo ikavutika juu, likashuka. Likapanda tena. Machozi yanateremka, mdomo unacheka, machozi yanateremka, mdomo unacheka. Mwanamke mmoja akageuza uso asione. Nyama ilikuwa haimezeki. Mtoto akaendelea kuuma, akawatazama mmoja mmoja, na kila alipouma ule uso ukawatabasamia kwa upande mmoja, huku kifua chake kikitetemeka kwa kwikwi.

"Uu," akasema mama mmoja mzee kutoka nyuma, "ni kweli ni nyama tu inavuta."

"Uma tena," akasema yule mjomba aliyeniita mwongo, akisogeza kiti. "Pole pole."

Osiako alikuwa ameshaweka vidole juu ya sikio lake mwenyewe, anauma meno. Jirani yake akamwiga. Muda si muda nusu ya matanga walikuwa wameshika mapanja yao, wanaume wazima wenye vichwa vilivyonyolewa sasa hivi, wanauma hewa kama ng'ombe wanaocheua, wanaulizana, "Wewe yako inaruka? Yangu inaruka."

"Mmegeuka watoto?" Mama Awinja akapaza sauti. Mikono ikashuka. "Sawa. Hakucheka. Nimeona kwa macho yangu, nimekubali, hakucheka, na lile neno la kujua kitu nimelirudisha. Lakini sasa mimi naona kingine. Miezi minane huyu msichana anakula kwangu, analala na Awinja kitanda kimoja, na hakuna siku amefungua mdomo huo wa kushonwa akasema, mama, mimi nina hivi na hivi. Mmetuletea nguo yenye kiraka, mmeigeuza kiraka kikae ndani. Hata sokoni nguo hiyo inarudishwanga!"

"Kosa ni langu," nikasema. "Yeye alitaka kusema, mimi nilimkataza."

"Nani aliuliza ni la nani? Mlitudanganya. Na watoto watazaliwa na mdomo gani?"

"Ugonjwa wa sikio hauzaliwi, mama," akasema Gentrix, mdomo bado una nyama.

"Meza kwanza ndio unijibu!"

Hapo ndipo Chrispinus alipoinuka. Nilidhani anakuja kwetu. Akapita katikati ya watu, hakumgusa mtu, akazunguka nyuma ya jikoni akapotea. Na Mama Awinja akatikisa kichwa kile kitupu. "Mmeona? Jibu lenu hilo limetembea."

Gentrix akamfuata. Mimi nami nikafuata, maana haifai msichana kumfuata mwanamume nyuma ya nyumba peke yake, hata kama anakwenda kuachwa. Nilisimama penye kona, karibu na kuni, nikajifanya nafunga kiatu.

Nyuma ya jikoni ngozi ya yule fahali ilikuwa imewambwa chini kwa vijiti, inzi juu yake. Chrispinus alikuwa upande mmoja wa ngozi. Gentrix akasimama upande wa pili.

"Usinifuate," akasema Chrispinus.

"Nimekwisha kukufuata."

"Kila mara uliponichekea pale sokoni, ulikuwa unauma meno?"

"Mwanzoni."

"Mwanzoni! Mimi nilikuwa nafunga duka nikifikiria kile kicheko. Nilimwambia baba. Nilimwambia, kuna msichana anafikiri kabla ya kucheka. Kumbe alikuwa anapima kama anayekaza nati!"

"Ndiyo nilikuwa napima! Ulitaka nicheke vipi? Kwa upande mmoja? Ungekuja kwa cherehani yangu mara ya pili?"

"Hujui. Hukunipa nafasi ya kujua."

"Wawili walipewa. Walikimbia."

"Mimi si hao wawili!"

"Jumamosi ulikuwa nani basi?" Sauti yake ilipanda hadi kuku wakatawanyika. "Uliona nacheka kwa maziko ya baba yako, ukaamini. Mimi, Chrispinus! Mimi niliyekaa na wewe hospitalini wiki ile baba alipoumwa na kifua, nikamlisha uji kwa kijiko! Uliona, ukaamini, ukakaa siku tatu. Baiskeli unazo kibanda kizima. Hukuweza kuja Mayoni kuniuliza swali moja?"

Chrispinus akaketi juu ya kinu kilicholazwa pale. Mikono yake mikubwa ikaning'inia katikati ya magoti.

"Nilikuchukia," akasema. "Siku tatu nilikuchukia vizuri kabisa. Ilikuwa rahisi kuliko kumlilia baba. Nikilala naona sahani, naona kile kicheko." Akajipangusa pua kwa mkono wa shati. "Sikutaka kukuuliza, maana ungesema hapana, na ningekuamini, na ningebaki na baba tu."

Inzi wakainuka kwenye ngozi, wakatua tena. Nywele za Gentrix zilikuwa zimefumuka upande mmoja, kovu liko wazi, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe hakuinua mkono kulifunika.

"Ile siku baiskeli ya yule padri ilikuangukia," akasema. "Mnyororo ukakushika suruali, ukazunguka nayo hadi kwa mwuza samaki. Unakumbuka?"

"Nakumbuka ulicheka hadi ukashika ukuta."

"Siku hiyo sikuuma. Nilifika nyumbani nikashtuka. Nikamwambia kukhu, kimekuja chenyewe. Muulize, yupo pale anafunga kiatu ambacho hakina kamba."

Nikainuka. Aibu ilinishika, lakini nikasema kweli. "Alirudi anaruka ruka. Nikamwomba anioneshe, akashindwa. Akasema kinakuja mbele yako tu."

Chrispinus akamtazama. Akamtazama uso wote, kulia na kushoto, jicho hili na lile linalochelewa kupepesa, kama anavyoangalia gurudumu kuona limepinda wapi, na uso wa Gentrix ulikuwa umelala upande mmoja, umechoka, haukujitetea. Aliutazama hadi mimi nikaanza kuhesabu kuni.

"Huo ndio uso wako?" akauliza.

"Nikichoka, ndiyo. Asubuhi pia. Na nikila utakuwa unaona ulichoona Jumamosi. Hata tukizeeka. Hata siku nitakayokuwa nimekasirika na wewe."

"Chrispinus!" Sauti ya Mama Awinja ikatoka mbele ya nyumba, kali. "Wembe unakungoja! Na hao wageni waambie njia wanaijua!"

"Nakuja, mama!"

Hakwenda. Akainuka kwenye kinu, akazunguka ile ngozi, akasimama karibu naye, si karibu sana, kwa sababu yangu.

"Mama hatakubali leo," akasema. "Wala mwezi ujao. Unamjua. Atakuita kiraka mpaka mdomo wake uchoke."

"Nimeitwa vibaya zaidi."

"Asubuhi yote wameongea juu yako. Mama amesema anachotaka, Awinja amesema, hata kukhu. Mimi nimekaa nyuma ya wajomba kama gunia." Kisha akamwuliza: "Wewe unataka nini, Gentrix?"

"Chrispinus!" mama yake akaita tena, na safari hii nyayo zake zilisikika zinakuja.

Gentrix hakugeuka kutazama. Mama Awinja akatokea penye kona, akasimama ubavuni kwangu, akihema, wembe wa binti yake mkononi, na akasikia kama mimi nilivyosikia.

"Nataka unioe," Gentrix akasema. "Na nikiwa nyumbani kwako, nataka nikae bila kutabasamu mpaka taya langu lipumzike."